Kanuni ya Kumi na Mbili

Kwa miaka arobaini na sita Kuwahara Sadae alifundisha sanaa ya chai katika mji wa Tsurumine, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba amefanya vizuri. Aliyefanya vizuri aliambiwa, "Haya, tena." Aliyeboronga aliambiwa hayo hayo, ila kwa sauti ya chini zaidi, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyowatoa watu jasho.

Zamani alikuwa na wanafunzi sitini, na wengine walisubiri mwaka mzima nafasi ipatikane. Sasa walibaki watatu. Mmoja alikuwa kiziwi, wa pili alikuja kwa sababu daktari alimwambia asikae nyumbani peke yake, na wa tatu alikuwa akisinzia. Bi Sadae aliwafundisha hao watatu kwa ukali ule ule wa zamani, kana kwamba wangetokea wengine hamsini na saba mlangoni wakati wowote.

Waliokuwa wakitokea mlangoni ni watalii. Tangu treni ya mwendo kasi ifike mji wa jirani, watu walimiminika Tsurumine kutazama ngome, mto na nyumba za zamani, na nyumba ya Bi Sadae ilikuwa ya zamani kuliko nyingi. Hao ndio walioneemesha ukumbi wa Ikuno karibu na stesheni.

Ikuno alikuwa mwanafunzi wake. Alisoma kwake miaka kumi na mmoja, mpaka siku Bi Sadae alipomwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wake, anapopekecha chai, ile ya unga inayokorogwa bakulini, ni kama wa mtu anayepiga mayai. Ikuno aliinama, akashukuru, akaenda zake asirudi tena. Miaka michache baadaye alifungua ukumbi ambamo mgeni alivishwa kimono ya nailoni inayofungwa kwa mkanda wa kunata, akakalishwa kwenye kiti, akapewa chai, akapigwa picha, na dakika arobaini zikawa zimekwisha. Ukumbi ulijaa kila siku. Bi Sadae hakuwahi kuukanyaga, lakini habari zake alizijua zote, hadi rangi ya mapazia.

Aprili ilipoanza, theluji ya mwisho ikiwa bado imejikunyata chini ya vibaraza, alikuja kijana mmoja wa ofisi ya mji, Bwana Nonomura. Alivaa soksi mpya, na Bi Sadae aliliona hilo, akampa alama moja.

"Mwalimu, tunatengeneza kijitabu," alisema Nonomura, amepiga magoti kwenye mkeka. "Utamaduni na sanaa zetu, kwa ajili ya wasafiri. Kutakuwa na watia rangi vitambaa, wapiga ngoma, mafundi wa vyombo vya mbao. Na chai. Tunakuomba ukurasa mmoja wa chai."

"Ukurasa mmoja."

"Kwa lugha nyepesi, Mwalimu. Yenye kukaribisha."

"Mimi nilikaa miaka mitatu kwa mwalimu wangu kabla hajaniruhusu nishike upawa. Wewe unataka niimalize chai kwa ukurasa mmoja, tena niwe ninacheka."

"Na picha zitakuwepo," alisema Nonomura, kama mtu anayeongeza zawadi.

"Mmemwomba nani mwingine?"

Nonomura alijikohoza. "Bi Ikuno alijitolea. Kusema kweli ameshaandika. Lakini bosi wangu alisema tuanze kwako, kwa sababu wewe ndiye... wewe ndiye..."

"Mzee kuliko wote."

"Mwenyewe hasa," alisema Nonomura upesi, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Bi Sadae akakubali. Angekubali kuandika vitabu saba ili asisome ukurasa wa Ikuno.

Aliandika asubuhi, baada ya kufagia bustani. Alianza vizuri. Kanuni ya kwanza: usikanyage ukingo wa mkeka. Ya pili: vua saa na pete, zisije zikakwaruza bakuli. Ya tatu, ya nne, ya tano zilikuwa kweli tupu, mambo ambayo kila mtoto wa nyumba ya chai anayajua. Kadiri alivyoandika "usi" na "asi" ndivyo kifua chake kilivyozidi kuwa chepesi. Kufikia kanuni ya kumi na moja alikuwa akiimba kidogo kidogo puani.

Ndipo aliposikia vicheko nje. Alifungua dirisha la karatasi akakuta watalii wanne wamepanda juu ya ukuta wake wa mawe. Hawakuwa wakipiga picha msonobari wa miaka mia mbili aliokuwa akiupogoa kwa mkono wake. Walikuwa wakipiga picha kamba ya nguo, ambapo suruali zake za ndani za majira ya baridi, zile ndefu za sufu, zilikuwa zikipepea. Walipomwona walimpungia mikono kwa upendo mkubwa.

Bi Sadae aliinamisha kichwa kwa adabu, akafunga dirisha, akarudi mezani, akachovya brashi kwenye wino.

"Kanuni ya kumi na mbili," aliandika. "Kifuniko cha birika kinapoondolewa, mgeni huinama mbele ya kifuniko hicho, paji la uso lisizidi upana wa vidole viwili kutoka mkekani, akabaki hivyo kwa muda wa pumzi tatu. Asiyeweza haya asijisumbue kuja."

Hakukuwa na kitu kama hicho duniani. Kifuniko cha birika huondolewa, huwekwa juu ya kigingi kidogo cha mwanzi, na hakuna aliyewahi kukisujudia, hapo Tsurumine wala penginepo. Lakini Bi Sadae alikuwa amewatazama wale wanne vizuri, vitambi vyao na migongo yao, na aliamini kwamba pumzi tatu zingetosha kuwabakiza kwenye ukumbi wa Ikuno maisha yao yote. Isitoshe, alijua Nonomura angeifuta. Vijana wa ofisini kazi yao ni kufuta.

Nonomura hakufuta hata nukta. Yeye hakuwahi kunywa chai ya namna hiyo ila mara moja shuleni, na bosi wake alikuwa amemwonya kwamba neno la mwalimu haliguswi. Sentensi ya "asijisumbue kuja" pekee ndiyo iliyolainishwa na wafasiri, ikawa "tunakusubiri kwa hamu." Kijitabu kilitoka Juni, kwa lugha sita. Mchoraji alikuwa ameipenda mno kanuni ya kumi na mbili, akaichorea nusu ukurasa: mtu ameinama, kifuniko kiko mbele yake, na mshale mdogo unaonyesha vidole viwili.

Bi Sadae alikifungua, akaiona picha, akakifunga. Kisha akakiweka chini ya mito ya kukalia, mahali ambapo hakuna mtu angekitafuta.

Kiangazi chote hakuja mtu. Alianza kuamini kwamba mambo yamekwenda alivyotaka. Mwishoni mwa Septemba Nonomura akapiga simu, sauti imejaa furaha: kuna mgeni mmoja, mama wa Kifini, anasema hataki ukumbi wa stesheni, anamtaka aliyeandika kijitabu.

Jina lake lilikuwa Maarit. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu kama mlango, mwenye mikono mikubwa na Kijapani alichojifunza madarasa ya jioni kwa miaka sita, kila neno akilitua mezani kama mtu anayepanga mayai. Alifika dakika tano kabla ya saa, amevua saa na pete, amevaa soksi nyeupe. Hakukanyaga ukingo wa mkeka. Alipiga magoti, na Bi Sadae, aliyekuwa amejiandaa kumhurumia, alisikia magoti yale yakilia kama kuni kavu huku uso wa mgeni ukibaki umetulia.

Akala kitamu cha maharage mekundu kama inavyotakiwa. Akatazama maandishi yaliyotundikwa ukutani kama inavyotakiwa. Bi Sadae alimvizia akosee, na hakukosea.

Kisha Bi Sadae akaondoa kifuniko cha birika.

Alikuwa ameshaisahau kanuni yake mwenyewe, Mungu anisamehe kusema hivyo juu ya mtu mwenye umri wake. Alikuwa anakiweka kifuniko kwenye kigingi alipoona mwili ule mrefu unakunjika mbele yake, taratibu, mpaka paji la uso likabaki vidole viwili juu ya mkeka. Pumzi ya kwanza. Mvuke ulipanda. Pumzi ya pili. Bi Sadae hakujua aangalie wapi, akamwangalia kisogoni, penye nywele za kijivu zilizokatwa fupi. Pumzi ya tatu. Maarit akainuka, macho yake yana maji.

Chai ilipokwisha, Bi Sadae aliuliza, kwa sababu alishindwa kutouliza, "Magoti hayakuumi?"

"Yananiuma sana," alisema Maarit. "Mwalimu, naomba kusema jambo. Mimi nimezalisha watoto elfu tatu na kitu. Mtoto akitoka, watu wote wanamtazama mtoto. Wanalia, wanacheka. Halafu linatoka kondo la nyuma. Limemlinda mtoto miezi tisa, na sisi tunalitia kwenye ndoo. Miaka thelathini na nane nilitaka kuliambia asante, nikaona haya. Niliposoma kwamba hapa kuna watu wanaoinamia kifuniko, kitu kilicholinda moto wa maji na sasa kinawekwa kando, nikasema, hawa wamefahamu. Ndivyo, au nimekosea?"

Hapo ndipo Bi Sadae angeweza kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini kwa miaka arobaini na sita hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpa jambo alilokuwa halijui, na hili lilikuwa zuri, na lilikuwa limewekwa mbele yake kama bakuli, yeye anyooshe mkono tu.

"Ndivyo," alisema. "Ndiyo maana yake hasa."

Mpaka siku ile kanuni ilikuwa hasira tu ya mwanamke mmoja na kamba yake ya nguo. Kuanzia siku ile ilikuwa na maana, na maana ikaanza kutembea. Maarit aliporudi kwao aliandika kwenye mtandao, watu wakasoma, wakalia, wakanunua tiketi. Ukumbi wa Ikuno ukaanza kupokea wageni waliojitupa chini kutoka kwenye viti vyao mara tu kifuniko kilipoguswa. Mwanzoni Ikuno alidhani wanazimia.

Ikuno na Bi Sadae walikutana kwenye duka la tofu, ile jibini ya soya, mwishoni mwa Oktoba, asubuhi yenye manyunyu. Bi Sadae alikuwa ameshikilia bakuli lake la kununulia. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka tisa.

"Mwalimu," alisema Ikuno, akainama.

"Ikuno. Nasikia unawaambia wageni kwamba mimi nilikurithisha siri ya kifuniko."

"Niseme nini? Wananiuliza. Niseme nilikaa kwa mwalimu miaka kumi na mmoja na hakunifundisha?"

"Kwa hiyo unadanganya watu!" alisema Bi Sadae, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabisa, shingo imemsimama. "Unasimama mbele ya wageni wa watu unawadanganya!"

Muuza tofu aliingia ndani kuangalia jambo ambalo halikuwepo.

Ikuno alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene kiasi, mwenye ukumbi uliojaa na gari jipya. Lakini midomo ilimcheza kama ya mtoto aliyenyimwa. "Mimi ndiye niliyedanganywa," alisema. "Miaka kumi na mmoja, Mwalimu. Nilikuwa naosha vikombe vyako kwa maji ya barafu. Nilimwuguza mumeo zamu na zamu na wewe. Na jambo lenyewe, roho ya jambo lenyewe, ukalificha. Ukaja ukawapa watalii, kwenye kijitabu cha bure! Hukuniona nafaa?"

Bi Sadae alifungua kinywa. Kumwambia ukweli kulikuwa na maana ya kumsimulia Ikuno, mbele ya mapipa ya tofu, habari za suruali za sufu.

"Ulikuwa hujawa tayari," alisema.

Ikuno akainama, chini kuliko mara ya kwanza, akaondoka bila kununua chochote. Bi Sadae alibaki na bakuli lake, akajiambia kwamba amekuwa mkali tu kama ilivyo desturi yake, na tofu aliyoila mchana ule haikuwa na ladha yoyote.

Novemba, majiko ya sakafuni yanapofunguliwa kwa ajili ya majira ya baridi, watu wote wa chai wa Tsurumine hukusanyika hekaluni. Mwaka ule ofisi ya mji iliikuza shughuli. Alikuja mtafiti wa mila kutoka mji mkuu wa mkoa, kijana wa miwani mwenye kinasa sauti, aliyekuwa ameshawahoji wazee. Alimleta mmoja wao, Mzee Heikichi, miaka tisini na sita, aliyekuwa mtengenezaji wa mchuzi wa soya, ameketishwa karibu na moto na blanketi miguuni.

"Nakumbuka vizuri," Mzee Heikichi alikuwa amesema kwenye kinasa sauti, na sasa alikuwa akiyarudia maneno hayo kwa kila aliyepita. "Bibi yangu akikiinamia kifuniko hivi. Mimi nikiwa mdogo, nimekaa ubavuni kwake. Ila hizo pumzi tatu ni uvivu wa siku hizi. Bibi alikuwa anavuta tano."

Mwenyeji wa mwaka ule alikuwa Ikuno, na mgeni wa heshima alikuwa Bi Sadae. Ofisi iliona ni mpango mzuri: mwalimu na mwanafunzi, mila inapokewa kutoka mkono hadi mkono. Nonomura mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo kwenye tangazo. Watu sitini walipiga magoti ukumbini, wa hapo hapo mjini wengi wao, na vijana ambao hawajawahi kujali chai. Watalii walikuwa kumi na wawili, nyuma.

Ikuno akaingia. Aliweka moto sawa, akapangusa chombo cha chai, akashika kifuniko cha birika kwa kitambaa cha hariri, akakiinua.

Watu sitini wakaanguka kifudifudi kwa pamoja, na nguo zao zikafanya sauti moja, kama theluji inapoporomoka paani.

Bi Sadae hakuanguka. Si kwamba aliamua. Mwili wake ulikuwa umeona kifuniko kikiinuliwa maelfu na maelfu ya mara, na maelfu yote hayo ulikuwa umekaa wima. Basi ukakaa wima. Aliona migongo, migongo mitupu, nyeusi na ya zambarau na ya kijani, hadi ukutani.

"Mama!" msichana aliyekuwa kando yake alinong'ona toka sakafuni, amemkazia jicho moja. "Mama, kifuniko! Inama!"

Katika ukumbi mzima walikuwa wamebaki wawili tu wenye vichwa juu, yeye na Ikuno. Walitazamana juu ya migongo ile. Pumzi ya kwanza ikapita, na Ikuno alionekana ameshtuka kwa ajili yake, kama mtu anayedhani mwalimu ameugua. Ya pili ikapita. Kwenye ya tatu Bi Sadae aliona uso wa mwanafunzi wake ukibadilika, nyusi zikipanda polepole, na akajua kwamba ameeleweka. Alihesabu ya nne na ya tano, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kumsikiliza Mzee Heikichi.

Chai ikanyweka. Nonomura akasimama, akamwomba mgeni wa heshima aseme machache. Bi Sadae aliinuka. Uso ulikuwa ukimwaka moto, na si wa jiko.

"Kanuni ya kumi na mbili si ya kale," alisema. "Niliitunga mimi. Aprili mwaka huu, mezani kwangu, kwa hasira. Hakuna aliyenifundisha. Naomba mnisamehe."

Kikaanza kicheko kidogo, kizuri, cha upole, kikaenea mkeka hadi mkeka, na baada yake makofi. Wanawake wawili walipangusa macho. Mtafiti aliandika haraka huku akitikisa kichwa kwa furaha, akamwambia aliye kando yake, "Walimu wa kweli wote wako hivyo. Ukiwasifu, wanakwambia wamebuni jana."

"Nasema kweli!" alisema Bi Sadae. "Walikuja watalii, wakapanda ukuta wangu..."

"Umebuni wewe?" Ilikuwa sauti ya Mzee Heikichi, nyembamba na yenye ghadhabu. Alikuwa amelitupa blanketi. "Wewe Kuwahara, ulikuwa wapi bibi yangu alipokuwa hai? Baba yako alikuwa hajajua hata kujifuta pua! Leo unasimama hapa unajifanya mwenye mila ya watu? Kaa chini!"

Bi Sadae akakaa chini.

Alimkuta Ikuno jikoni mwa hekalu, peke yake, mikono ya kimono imefungwa nyuma, anaosha mabakuli. Mvua ya theluji ilikuwa imeanza kugonga dirisha. Bi Sadae alichukua kitambaa, akasimama karibu naye akaanza kukausha. Walimaliza mabakuli sita.

"Kwa hiyo hukunificha," alisema Ikuno.

"Sikukuficha kitu. Nilichokuwa nacho ulikipata chote."

"Na ukaniambia sikuwa tayari."

"Nilisema hivyo."

"Nimelia wiki mbili, Mwalimu. Mume wangu alitaka anipeleke hospitali."

Bi Sadae alikausha bakuli moja kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Neno alilokuwa akilitafuta hakuwahi kulitumia kwa mwanafunzi, na halikutaka kutoka kirahisi. "Nilikukosea," alisema mwishowe. "Duka la tofu nilikukosea. Na leo..." Akalitazama bakuli. "Leo moto uliuweka vizuri."

Maji yalikuwa yakitiririka bure bombani. Ikuno aliyafunga.

"Umesema vizuri?"

"Usinitake nirudie."

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako," alisema Bi Sadae, "bado unapiga mayai."

Ikuno alicheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa sinki, na machozi yakamtoka tena, na alipopata pumzi alisema, "Basi njoo Jumatano ukumbini uninyooshe. Asubuhi, kabla ya wageni."

"Kwenye viti vyako?"

"Viti haviondoki. Vinanisaidia."

"Na mikanda ya kunata?"

"Nayo haiondoki."

"Aibu tupu," alisema Bi Sadae. "Saa ngapi?"

Alikwenda Jumatano ile na zilizofuata. Baada ya mara ya tatu aligundua kwamba magoti yake yanakipenda sana kile kiti cha kwanza kushoto, jambo ambalo hakumwambia mtu. Wageni walipoingia alijikuta habanduki. Alikuwa akiwasogeza viganja chini ya bakuli kwa ncha ya upepeo wake, akisema, "Haya, tena," nao walifurahi mno, wakidhani wanasifiwa.

Mwezi Februari ofisi ya mji iliitisha kamati ya kutengeneza toleo la pili la kijitabu. Walikaa watu saba mezani: Nonomura, bosi wake, mtafiti, fundi wa vyombo vya mbao, Ikuno, Bi Sadae na Mzee Heikichi na blanketi lake. Ajenda ilikuwa moja tu: pumzi tatu au tano.

"Tatu," alisema Bi Sadae.

"Mwalimu ana chanzo chochote cha maandishi?" aliuliza mtafiti kwa heshima.

"Chanzo ni mimi!"

"Tunalo toleo la kwanza, ndiyo. Lakini ushuhuda wa Mzee Heikichi ni wa zamani zaidi kwa karibu miaka tisini."

"Huyu hakuona kitu! Huyu anasema kile alichosomewa na mjukuu wake!"

"Tano," alisema Mzee Heikichi, macho amefumba. "Na alikuwa anavuta taratibu."

"Tano zinavunja mgongo," alisema Ikuno. "Nina wageni wa miaka themanini pale. Mwalimu yuko sawa, tatu zinatosha. Tatu ndizo... ndizo zenye maana."

Wakapiga kura. Tano zilishinda kwa kura nne dhidi ya mbili, bosi akiwa amejizuia kupiga kwa sababu za kiofisi, na Nonomura, aliyenyoosha mkono na upande wa tano, hakuthubutu kumtazama mtu. Mtafiti alimpongeza Bi Sadae kwa kuilinda mila hata pale asipokubaliana nayo.

Bi Sadae na Ikuno walitoka nje kwenye theluji iliyofika magotini, wameshikana mikono wasiteleze.

"Tano!" alisema Bi Sadae. "Nani anaweza kukaa pumzi tano? Huyo bibi yake alikuwa amelala, nakwambia."

"Alikuwa mlevi," alisema Ikuno. "Mama yangu aliwahi kunisimulia. Ukoo ule wote walikuwa wanakunywa."

"Kweli?"

"Sijui. Lakini inafaa."

Bi Sadae alisimama, akaligeuza jambo hilo kichwani. "Tena akianguka kifudifudi mbele ya jiko, mjukuu anadhani anainama," alisema. "Hilo lingeandikwa." Wakaendelea hivyo, kila hatua wakimwongezea bibi wa watu dhambi mpya, mpaka duka la tambi za mchuzi lililo darajani, wakaagiza mabakuli mawili makubwa, wakala wakizifyonza tambi kwa sauti.